Aegina, Binti wa Mto

Mwanangu,

Umeniuliza kama mji wa Athens ulipewa jina la mungu wa kike Athena, au yeye ndiye aliyelipata kutoka mjini. Wataalamu wengi huona mji ulitangulia. Lakini swali lako limenirudisha Aegina.

Unakijua kisiwa hicho kwa ile picha ya sebuleni, ya enzi zangu za ubaharia. Meli ilitia nanga Piraeus, bandari ya Athens, nikavuka kwa feri na afisa wetu mmoja. Mkahawani, mzee mmoja alichovya kidole kwenye glasi ya maji, akachora mezani mto Asopos, kisha mstari hadi kisiwani. Akasimulia kwamba mto ule ulikuwa na binti, Aegina. Zeus, mkuu wa miungu ya Kigiriki, alimtorosha, akamleta kisiwa kilichoitwa Oinone, ndipo kikachukua jina la binti. Baba mtu akahangaika kumtafuta, mpaka Sisyphus, mfalme wa Corinth, alipomfichulia siri kwa malipo ya chemchemi ya maji.

Afisa akacheka. Akasema watu huanza na jina la kisiwa, halafu humtunga binti wa kulivaa. Mzee alifuta meza kwa kiganja, akanyamaza. Mpaka leo kicheko kile kinaniudhi.

Mnajua ninachowaambia siku zote: mwenyeji asikilizwe kwanza. Hata hivyo, siwezi kusema afisa alidanganya. Watu wa mji wa Thebes wana Thebe, wa kisiwa cha Salamis wana binti Salamis, na wote hao wanahesabiwa kuwa mabinti wa Asopos huyohuyo. Mji wa Sparta nao una Sparta, binti wa mto Eurotas. Ni wengi mno. Wakorintho walidai kwamba Corinthus, aliyeupa mji wao jina, ni mwana wa Zeus. Pausanias, msafiri wa Kigiriki wa karne ya 2, aliandika kuwa hajasikia mtu akilisema hilo kwa dhati isipokuwa wengi wa Wakorintho wenyewe. Lakini aliwasikiliza, tena akayaandika maneno yao. Mwenyeji asikilizwe kwanza, mwanangu, hata anapotiliwa shaka.

Kuhusu Athena, ulimi unaniwasha kukupa jibu langu mwenyewe, na huenda unalijua. Ila wewe ndiwe unayeishi huko Athens. Waulize kwanza majirani zako wazee, uniandikie walivyosema, ndipo nami nitasema langu.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako