Skuta Imepoteza Nguvu Ghafla: Maswali na Majibu

Skuta yangu ni ya Kichina, cc 150. Nilikuwa kwenye 60, ghafla ikashuka hadi 20. Injini inalia sana lakini chombo hakivuti. Nimeshabadili plagi, hakuna nafuu. (Msomaji, Tanga)

Plagi haihusiki. Injini inayolia kwa nguvu ni nzima. Nguvu yake ndiyo inayopotelea njiani kabla ya kufika kwenye tairi. Fungua kasha la kushoto, lile refu lenye kiki, kwa soketi namba 8.

Tazama mkanda kwanza. Injini nyingi za aina hii, GY6, hutumia mkanda wa 743-20-30 au 835-20-30. Namba imeandikwa mgongoni mwa mkanda, nayo ndiyo ya kwenda nayo dukani, usinunue kwa kukisia. Ile 20 ni upana kwa milimita. Ukipima ukakuta umeshuka chini ya 19, au una nyufa kwenye meno, weka mpya. Ukiukuta na oili, usiweke mpya bado: huenda sili ya krenki (shafti kuu ya injini) inavuja, na mkanda wowote utakaouvisha hapo utateleza vilevile.

Kisha toa rola sita zilizo ndani ya puli ya mbele (kwa cc 150 kwa kawaida ni 18x14 mm). Zinatakiwa ziwe duara. Zikishalika upande mmoja zinakwama na puli haibani mkanda inavyotakiwa. Badilisha zote sita pamoja. Mwisho angalia klachi ya nyuma: bakuli lake likiwa na rangi ya buluu, limeungua kwa kuteleza, na viatu vyake huenda vimekwisha.

Wakati wa kurudisha ndipo wengi wanapoharibu. Tanua puli ya nyuma kwa mikono, usukume mkanda uzame ndani kabisa, ili kule mbele ulegee. Usipofanya hivyo, nati ya mbele itabana mkanda badala ya kubana puli. Utaona imekaza vizuri, lakini ukitembea kidogo inalegea na kula meno ya krenki. Hapo kazi ya mkanda imegeuka kazi ya kupasua injini.

Inakwenda vizuri dakika kama 20, kisha inaishiwa nguvu na kuzima. Nikipumzika robo saa inawaka tena. (Msomaji, Unguja)

Ikizima tu, fungua kifuniko cha tangi papo hapo. Ukisikia "fyuu" ya hewa inayoingia na chombo kikawaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Petroli haiwezi kushuka kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Zibua tundu kwa waya mwembamba na upepo. Ni tatizo la bei ya bure ambalo watu hulinunulia kabureta nzima.

Kama si hilo, pima cheche injini ikiwa bado ya moto. Ukisubiri ipoe, kila kitu kitaonekana kizima. Funga tangi, weka plagi ya akiba kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na petroli, upige kiki. Cheche hafifu ya rangi ya chungwa, au kutokuwapo kabisa, inaelekeza kwenye koili au CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche), ambavyo vikianza kufa hushindwa kwanza kwenye joto.

Cheche ikiwa ya buluu na kali, pima valvu, na hizi hupimwa injini ikiwa baridi kabisa: nafasi ya 0.10 mm kwa nyingi za GY6, ila fuata kitabu cha chombo chako kikisema vingine. Chuma cha valvu hurefuka kwa joto. Nafasi ikiwa ndogo mno, valvu ya moshi haikai vizuri kwenye kiti chake na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inavuja. Tumia filageji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), fundi anayepima kwa kutikisa roka, mkono unaosukuma valvu, na kidole anabahatisha.

Sailensa (injini ikinguruma bila kuvuta mafuta) iko sawa, mwendo mdogo iko sawa. Nikivuta mafuta hadi mwisho inakohoa na kufa nguvu. (Msomaji, Mombasa)

Anza na filta ya hewa, kisha fungua kifuniko cheusi juu ya kabureta. Ndani kuna mpira mwembamba unaonyanyua pistoni ya kabureta. Uinue kwenye mwanga: hata tundu la sindano linatosha kuuzuia usipande. Usiuoshe kwa petroli, utavimba na hautarudi mahali pake.

Mpira ukiwa mzima, toa jeti kubwa (kipande chenye tundu dogo linalopitisha mafuta) na uipulize. Usiichokoe kwa waya wa chuma, utapanua tundu, na baada ya hapo itakunywa mafuta siku zote.

Vespa ya zamani ya mafuta ya kuchanganya. Nikiwa mbio ilijikaza kama imeshikwa breki. (Msomaji, Dar es Salaam)

Hiyo ni pistoni inayoanza kukwama. Bana klachi mara moja, vinginevyo tairi la nyuma litafunga. Ikipoa itawaka, nawe utadhani imepona. Fungua hedi uangalie kama silinda ina mikwaruzo. Sababu mbili ndizo za kawaida: oili kidogo kwenye mchanganyiko, au hewa inayoingia kupitia gasketi au sili na kufanya mafuta yawe hafifu. Vespa PX za kuchanganya kwa mkono hutumia asilimia 2, yaani ml 100 za oili ya tu-stroki kwa lita 5. Pima kwa chombo chenye alama.

Fundi anasema nibadili pistoni na ringi kwa sababu haipandi mlima. Nikubali? (Msomaji, Morogoro)

Bado. Kwanza weka stendi kuu, zima injini, zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Likiwa zito au ngoma ya breki ni ya moto baada ya safari fupi, breki ndiyo inayokushika; legeza nati ya waya.

Tairi likiwa jepesi, mwambie apime kompresheni kwa geji, mafuta yakiwa yamevutwa hadi mwisho. Ikiwa chini, amimine kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Ikipanda, ringi zimechoka kweli. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi, na pistoni mpya haitakusaidia kitu.