Kabla ya kuandika mirathi, uliza kodi ya pango inakwenda wapi

Juzi kijana wetu ofisini aliniwekea mezani rasimu ya ombi la mirathi kwa Kadhi. Kazi safi: warithi wote wamo, mafungu yamepigwa hadi thumni ya mjane. Mali ya tatu kwenye orodha ni nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa. Nikamwuliza, "Kodi ilikuwa ikipokewa na nani?" Akaangalia dari. Huenda nyumba ni wakfu, mali iliyofungwa milele kwa ajili ya msikiti, maskini au kizazi cha mwekaji, na wakfu haugawanywi kwa warithi. Basi wadogo zangu wa sheria, tuanze upya.

1. Jina kwenye hati miliki lisikulevye. Mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, hushika hati kama bawabu anavyoshika ufunguo. Mimi kisa cha Umar, sahaba wa Mtume, aliyeweka wakfu shamba lake la Khaybar nilikuwa nacho kichwani: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, nikakiandika kwenye mtihani nikapasi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nikaletewa mirathi ya mzee mmoja, hati ina jina lake. Nilikwenda kuiona nyumba saa nane mchana, suti na tai, jasho mpaka soksini. Bibi mpangaji wa chini akaniambia, "Mwanangu, hii ya msikiti." Nikamjibu kwa adabu kwamba hati ninayo. Risiti hakunionyesha, kwa sababu sikumwomba. Warithi wakapewa, na mwaka haukuisha wakauza.

Imamu alikuja ofisini na mfuko wa plastiki: risiti za miaka zaidi ya ishirini, kila moja "kodi ya wakfu", na waraka wa Kiarabu wenye mashahidi wawili. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nimekunywa chai, na hilo liliniuma kuliko matusi. Kuifungua kesi upya kulichukua miaka sita. Bibi yule alifariki mwaka wa tatu, hajapanda kizimbani.

2. Waraka wa Kiarabu mpe anayekijua Kiarabu. Sharti la mwekaji wakfu ni kama nassi, yaani andiko la sheria lenyewe. Neno moja la "dhuria", yaani kizazi, hubadilisha nani ale mapato.

3. Kiwanja na jengo ni vitu viwili. Pwani hii tuna nyumba bila ardhi: kiwanja cha wakfu, nyumba ya mpangaji, naye hulipa kodi ya ardhi tu. Mmoja wenu, simtaji, alimwandikia mzee notisi ahame nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mzee akaja na risiti za mabati na misumari, akazipanga mezani moja moja, huku akitueleza bei ya saruji zamani.

4. Faili la zamani likikataa wakfu wa familia, ule wa kunufaisha kizazi cha mwekaji, tazama tarehe kabla ya kumcheka wakili. Majaji wa Privy Council, London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni ya Waingereza, walibatilisha wakfu wa namna hiyo kutoka Bengal mwaka 1894, na kivuli chake kikatufikia huku. Kenya ilitunga sheria yake ya wakfu 1951. Leo mnafanyia kazi ile ya 2022.

Yule kijana nimemtuma Mji wa Kale alasiri hii, bila tai. Nimemwambia apige hodi mlango wa chini kwanza.