Baba Anapompeleka Mtoto Kliniki

Mtoto wetu alipotimiza wiki 14, likizo ya uzazi ya mke wangu ilikuwa imekwisha siku chache tu kabla. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu yenye malipo kamili na baba wiki mbili, kwa hiyo chanjo za wiki ya 6 na ya 10 humkuta mama angali nyumbani, na ile ya wiki ya 14 humkuta amesharudi kazini. Mimi huandaa hesabu za wenye maduka na kazi hiyo naifanyia nyumbani kwetu mtaani Umoja, Nairobi, ilhali mke wangu hupanda matatu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kuelekea kazini Upper Hill. Hatukuhitaji kujadiliana sana ili kujua zamu ilikuwa ya nani.

Nilimfunga mtoto kifuani kwa leso, nikachukua kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto, nikaenda. Kwenye mabenchi walikuwa wanawake watupu, na mwanamume mmoja ambaye baadaye nilitambua kuwa ni mlinzi. Muuguzi alitazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu niliyemficha, akauliza, "Baba, mama yuko wapi? Anaumwa?" Nilipomwambia kwamba yuko kazini, aliguna, akaanza maswali. Je, mtoto hunyonya mara ngapi usiku? Alipata homa baada ya chanjo iliyopita? Ilidumu kwa muda gani? Nilimpigia mke wangu simu mara tatu, na mara ya tatu alinijibu kwa kunong'ona kwa sababu alikuwa mkutanoni.

Nilirudi nyumbani nimefura, nikijiona mtu aliyedhulumiwa. Nilikuwa tayari hata na hoja ya kisheria, kwa kuwa Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya kutunzwa na mama na baba kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Usiku, hasira ilipopoa, ilinibidi nikubali kwamba muuguzi yule hakuwa amekosea sana. Alimwulizia mama kwa sababu alihitaji majibu, na uzoefu wake ulikuwa umemfundisha kwamba baba afikapo pale huwa amembeba mtoto tu, huku habari za mtoto huyo zikiwa kwa mtu mwingine. Nami nilikuwa nimemthibitishia hivyo kwa simu tatu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa baba anayetaka kwenda kliniki, au anayelazimika kwenda kama mimi, ni kwamba asianze kwa kudai heshima, bali aanze na kijitabu. Akisome chote, ukurasa wa chati ya uzito usiachwe, ili mtoto anapopimwa aweze kuona mwenyewe kama mstari unapanda au umelala. Ajue tarehe ya kurudi bila ya kukumbushwa. Ashike zamu za usiku mapema, kwa sababu maswali mengi ya muuguzi majibu yake hupatikana saa nane usiku. Sisi tulijifunza kwamba maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne hivi nje ya jokofu na hadi siku nne ndani yake, na tangu hapo kuandika saa kwenye chupa kukawa kazi yangu. (Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, kazini kwa mke wangu chumba hicho kipo, kikiwa pia ghala la viti vilivyovunjika.)

Jambo jingine la kuangalia ni sifa. Majirani waliponiona nikianika nepi kwenye roshani, wengine walicheka kwamba nimekaliwa chapati, yaani natawaliwa na mke, lakini wengi zaidi walinisifu, na mimi, nakiri, nilizipenda sifa hizo kupita kiasi. Nikaanza kusema mbele ya wageni kwamba "namsaidia mama mtoto." Mke wangu alivumilia kwa wiki kadhaa, kisha akaniuliza mbele ya wageni hao hao mtoto ni wa nani hata nimsaidie yeye. Tangu siku hiyo neno hilo silitumii. Lugha yetu ina mitego ya namna hii mingi, kwani hata katika ndoa mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na mwanamume akisemwa kwamba ameolewa ametukanwa.

Mama yangu alikuwa mtihani mgumu zaidi. Alipokuja kututembelea kutoka nyumbani mashambani, alinikuta nimeinamia beseni, akalivuta kwake bila ya kusema neno. Nilipomwomba aniachie, alisema, "Niliwalea watano peke yangu, na baba yako hakuwahi kunisikia nikilalamika." Usijaribu kumsomea mzazi kama huyo Katiba. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuwa akiwatetea wanaume. Alikuwa akiulinda uchovu wake wa miaka yote ile, ambao ungeonekana haukuwa na sababu ikiwa mwanamume angeweza tangu zamani kufua nepi. Nilimwachia beseni, nikaenda kupika uji, na siku ya tatu akaniambia uji ule ulikuwa mwepesi mno.

Wapo watakaosema kwamba jawabu ni kumwajiri mfanyakazi wa nyumbani. Huenda likawa hivyo kwa mwenye uwezo, ingawa naona mara nyingi katika mitaa yetu amani ya wanandoa hununuliwa kwa kumhamishia mzigo mwanamke wa tatu, ambaye tutamwita "msichana" hata akiwa na miaka arobaini.

Chanjo ya surua ya miezi 9 nilimpeleka tena mimi. Muuguzi alikuwa yule yule, na kama alinikumbuka hakuonyesha. Aliuliza mtoto ameanza vyakula gani, na kama kuna kilichomdhuru. Nilimwambia viazi, malenge, ndizi na uji wa wimbi, na kwamba maharagwe yalimsumbua tumbo kwa siku mbili hivyo tumeyasimamisha. Aliandika, akageuza ukurasa, akasema, "Mshike mkono wa kushoto, Baba, asirushe."