Dada, mwandikishe mdogo wako leo: huyo wakala anajilinda mwenyewe

Salamu baadaye, dada yangu. Nimesoma swali lako mara mbili na limenikaa vibaya rohoni. Mdogo wako yuko Beirut, alitoka kwa mwajiri tangu mwaka jana, pasipoti imebaki kwa madamu, ikama (kibali chake cha kuishi huko) imeisha, Dahiyeh, mitaa ya kusini mwa Beirut, inapigwa mabomu kila usiku Oktoba hii ya 2024, na wakala aliyempeleka anamwambia asithubutu kupeleka jina lake ubalozini kwa sababu eti atajulikana kuwa hana karatasi, atakamatwa, kisha atadaiwa nauli ya ndege. Halafu unauliza kama mngoje mpaka serikali itangaze ndege ndipo ajitokeze.

Msingoje. Ndege ikitangazwa, orodha ya watakaopanda inakuwa imeshaandikwa.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi nikiwa mwanafunzi Khartoum, Sudan, na niliyafuata. Aliyeniambia alikuwa mtu wetu kabisa, Mtanzania mwenzangu, ndiye aliyetutafutia vyuo na kutushughulikia vibali. Sisi tuliopanga nje ya mabweni vibali vyetu vilikuwa vimepitwa na muda, na pesa za kuvihuisha tulikuwa tumeshampa. Kila tulipogusia kupeleka majina ubalozini alikuja juu: "Mnataka kujichongea? Mkae kimya, mambo yenu nayashughulikia." Tukakaa kimya. Leo najua kwa nini alitaka tukae kimya. Jina langu lingefika ubalozini na swali la pili lingekuwa nani amekuleta na kibali chako kiko wapi. Orodha ilikuwa hatari kwake, siyo kwangu. Na huyo wakala wa mdogo wako ni hivyo hivyo. Msichana katolewa Mombasa, kaingizwa kwenye nyumba ambako ananyang'anywa pasipoti, akatoroka, na wakala hajaripoti popote. Kweli huyo atapenda jina la binti liingie kwenye daftari la serikali? Akimpigia tena mwambieni aende yeye Beirut akajifiche kwa niaba yake.

Sasa nieleze nini hutokea kwa asiye kwenye orodha, maana watu wakisikia "kujiandikisha" wanadhani ni adabu tu ya kiofisi.

Vita ya Sudan ilianza Jumamosi tarehe 15 Aprili 2023, Ramadhani ikielekea ukingoni. Jeshi la taifa la Jenerali Burhan upande mmoja, RSF, wanamgambo wa Hemedti, upande wa pili, na uwanja wa ndege wa Khartoum ukapigwa siku ile ile ya kwanza. Mlango wa angani ukafungwa kwa kila mtu, tajiri na maskini. Sisi tulikuwa Bahri, yaani Khartoum Kaskazini, ng'ambo ya mto, madaraja yote yana askari, maji ya bomba yamekatika, umeme hakuna. Watanzania wengi, hasa wanafunzi, walikuwa upande wa kusini, pale Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika. Majina yao yalikuwa yanajulikana, namba zao za simu zilikuwepo, viongozi wao wa wanafunzi walikuwa wanaongea na ubalozi. Mabasi yalipopatikana walipigiwa simu. Wakapakiwa, wakapelekwa Gedaref, wakavushwa Metema kuingia Ethiopia, na tarehe 27 Aprili ndege ya Air Tanzania ikawashusha Dar es Salaam.

Mimi nilijua habari za mabasi kwa sauti ya WhatsApp iliyoingia simuni baada ya mabasi kuondoka. Nani angenipigia? Kwa namba ipi? Kwa mujibu wa karatasi za nchi yangu, mimi sikuwepo Sudan.

Nikatoka kwa njia zangu. Nauli za mabasi ya watu binafsi zilikuwa zinapanda asubuhi na kupanda tena jioni, na dereva anataka dola taslimu wakati benki zote zimefungwa. Pesa alizonitumia baba kupitia kwa Msudani mmoja mwema zilikuwa ada za wadogo zangu. Vizuizi barabarani sitavieleza vyote. Kila kizuizi mnashushwa, simu zinakaguliwa, mwenye simu nzuri anaiaga. Wad Madani, Gedaref, hatimaye Gallabat. Mbele yako kuna kijidaraja, ng'ambo ni Metema, Ethiopia. Nikajua nimefika.

Hapo ndipo nilipoielewa orodha. Ofisa wa mpakani alikuwa na karatasi zilizobanwa pini pembeni, zimelowa jasho, na kalamu ya wino wa bluu. Nikampa pasipoti yangu, halali, miaka kibao mbele. Akaifungua, akatazama jina, akaanza kushuka nalo kwenye karatasi kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa mwisho. Akarudia. Kisha akaniwekea karatasi mbele nitafute mwenyewe. Nikaona majina ya watu ninaowajua, kila moja lina alama ya vema. Moja lilikuwa limekosewa, jina la babu limeandikwa vingine kabisa, naye akawa amelisahihisha kwa kalamu na mwenyewe akavuka. Aliyekosewa jina alivuka. Mimi mwenye pasipoti safi mkononi nikaambiwa nikae pembeni.

Nikakaa juani, kwenye maturubai, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga kutoka nchi mbalimbali ambao nao majina yao hayakuwa popote. Hakuna aliyenionea pale. Ofisa alikuwa ameambiwa na serikali yake: Watanzania hawa, wenye namba hizi za pasipoti, waruhusiwe. Mimi hakuambiwa. Nilivuka siku ubalozi wetu wa Addis Ababa ulipopata taarifa zangu kwa simu ya kuazima na kuzituma mpakani. Kilichonitoa Metema ni jina kuandikwa, jambo ambalo ningelifanya kwa dakika chache nikiwa Bahri, nimeshiba, simu ina chaji.

Angalieni basi jinsi uokoaji unavyokwenda. Ubalozi hauwezi kukodi mabasi bila kujua watu wangapi. Hauwezi kuziomba pande zinazopigana ziache msafara upite bila kusema msafara una nani. Nchi jirani haifungui mpaka kwa "raia wetu wapo wengi kidogo", inataka majina, namba za pasipoti, tarehe za kuzaliwa. Ndege nayo inataka orodha ya abiria. Karatasi ile ile inapita mikono yote hiyo, na kila mkono unahesabu watu upya. Ukikosekana mwanzo umekosekana mpaka mwisho, isipokuwa uokotwe njiani kama mimi.

Kwa mdogo wako jambo ni zito zaidi kuliko langu. Lebanon kuna kafala, utaratibu unaomfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake. Mtu wa kazi za ndani akitoroka, mwajiri anaweza kuwa ameshamripoti, na kutoka nchini kunahitaji kibali cha Amn al-Aam, ndiyo uhamiaji wao. Yeye peke yake, bila pasipoti na kwa ikama iliyokufa, atazungushwa. Jina lake likipelekwa na serikali yake pamoja na ya wenzake, kwamba hawa ni raia wetu, tunawapa hati za dharura za kusafiria, tunaomba mwaruhusu watoke, hayo ni mazungumzo mengine kabisa. Kwa hiyo kukosa karatasi ndiyo sababu kubwa ya kujiandikisha. Wakala ameligeuza jambo kichwa chini miguu juu, na mmemwamini kwa sababu anaongea kwa uhakika. Wote wanaongea kwa uhakika, hiyo ndiyo kazi yao.

Kuhusu woga wa kukamatwa: ubalozi siyo polisi wa Lebanon. Kumbukumbu zake zinalindwa na mikataba ya Vienna, ule wa 1961 wa kibalozi na ule wa 1963 wa kikonseli. Nchi mwenyeji hairuhusiwi kuzigusa. Na ule wa 1963 unampa mdogo wako haki ya kuwasiliana na maofisa wa nchi yake hata akiwa rumande. Akiwa hajulikani, haki hiyo itadaiwa na nani?

Kuhusu kudaiwa nauli: uvumi huu nadhani umetoka kwa Wamarekani, maana serikali yao kwa kawaida huwasainisha raia wake ahadi ya kurudisha gharama. Sisi tulioletwa kutoka Ethiopia hakuna aliyetufuata na risiti mpaka leo. Na hata ingekuwa deni, dada, deni linalipwa na mtu aliye hai.

Umeuliza pia kama apite Syria na wenzake wanaokwenda kwa teksi. Asithubutu. Barabara ya Masnaa, kwenye mpaka wa Lebanon na Syria, imepigwa na Israel tarehe 4 mwezi huu, watu wanavuka shimo la bomu kwa miguu wamebeba mabegi kichwani. Msichana bila pasipoti, peke yake, upande wa pili wa mpaka ule atakuwa mgeni wa nani?

Fanyeni hivi. Wizara yenu ya Mambo ya Nje imeshatoa wito Wakenya walioko Lebanon wajiandikishe, na ubalozi unaohusika na Lebanon ni ule wa Kuwait. Wewe uliyeko Mombasa una umeme na intaneti, jaza wewe, usimwachie yeye aliyelala kwenye ngazi za jengo. Namba ya pasipoti ipo, hata kama kitabu chenyewe kiko kwa madamu: tafuta picha aliyowahi kukutumia, tafuta nakala ya mkataba, angalia kumbukumbu za maombi yake ya pasipoti kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali yenu. Wakala naye anayo nakala, mwendee ofisini na mjomba mmoja mwenye sauti, aitoe. Majina yaandikwe yote kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule; huko Arabuni wanaweza kumwita kwa jina la baba peke yake na mkajikuta mna watu wawili. Weka namba yake ya simu, ya rafiki anayelala naye, na yako. Andika mtaa alipo sasa hivi, na akihama, tuma tena. Ukijaza fomu usiamini kwamba imefika. Piga simu, waombe wakusomee jina lake. Wasiposoma, hajaandikwa.

Na wale wenzake anaolala nao, wale ambao nao wameambiwa wanyamaze, chukua majina yao pia. Mabasi huagizwa kwa hesabu ya watu. Mabinti kumi wakijificha, basi linalowahusu halitaagizwa.

Mengine uliyouliza, ya mshahara wake wa miezi anayodai na ya tiketi aliyokatiwa ikafutwa, wajuao watakujibu humu. Mimi nakuomba ufunge ukurasa huu sasa umpigie. Muulize jina la tatu kwenye pasipoti limeandikwaje, herufi kwa herufi, kabla chaji yake haijaisha. Ukikwama kwenye fomu nijibu hapa hapa, niko macho.