Kama unataka kusafisha maji ya kiwanda cha nguo kwa utando na mwanga

Kila msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti hunifikia ujumbe kutoka kwa wanafunzi wa uzamili, na siku hizi hata kwa maofisa mazingira wa viwandani. Swali ni lilelile: ninunue dioksidi ya titani ya aina gani nipake kwenye utando wa kuchujia? Nami huwauliza: maji yenyewe umeshayapima? Nimefanya kazi na tando za fotokatalisti, yaani vichujio vilivyopakwa kichocheo kinachoamshwa na mwanga kama hiyo dioksidi ya titani, kwa miaka kadhaa, kwanza maabara, kisha kwenye majitaka halisi ya upakaji rangi wa vitambaa. Naamini zina kazi ya maana. Ila kazi hiyo ni nyembamba kuliko machapisho mengi yanavyodai, na ni vema uijue kabla hujagusa fedha za mfadhili.

Kwa anayeanza, asili yake ni hii. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba elektrodi ya dioksidi ya titani ikimulikwa kwa urujuanimno (miale ya UV) huweza kupasua maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Mwanga hung'oa elektroni, pakabaki tundu lenye chaji chanya, na tundu hilo likigusa maji huzaa radikali za haidroksili, yaani vipande vya molekuli vyenye ukali mkubwa wa kikemikali. Hizo huunguza karibu kila uchafu wa kikaboni unaozikaribia, lakini huishi muda mfupi mno, kwa hiyo kilicho mbali nazo kinapona. Kichocheo hicho kikishikizwa kwenye utando, unapata kitu kinachochuja na kuunguza kwa wakati mmoja, wala huhangaiki kuvua unga wa nano kwenye maji baadaye.

Sasa fanya hesabu ambayo wengi huiruka. Chukua utando unaopitisha lita 50 kwa kila mita ya mraba kwa saa. Hiyo ni kasi ya takriban mikromita 14 kwa sekunde. Tabaka la kichocheo mara nyingi lina unene wa mikromita chache tu, na maji hupita kwenye vitundu vyake kwa kasi zaidi ya hiyo. Basi maji yanakaa ndani ya tabaka hilo kwa chini ya sekunde moja. Rangi nzito ya kiwandani haiwezi kumalizwa kwa muda huo. Ukisoma kwamba rangi imeondoka kwa asilimia 99, nenda kwenye sehemu ya mbinu uone maji yalizungushwa kwa saa ngapi na yalianza na rangi kiasi gani. Mara nyingi utakuta bluu ya methilini, rangi ya majaribio ya maabara, miligramu 10 kwa lita, ndani ya maji yaliyosafishwa. Ni kipimo halali cha kulinganisha vichocheo, lakini hakikuambii lolote kuhusu mfereji wa kiwanda.

Kwenye mfereji huo kuna nini? Pamba ikipakwa rangi zile zinazojifunga kwenye uzi, fundi huongeza chumvi nyingi kuisukuma rangi iingie, kisha magadi kuifunga. Sehemu ya rangi isiyoshika inatoka pamoja na chumvi na magadi yote. Hapo utando wako una maadui wawili. Kaboneti na bikaboneti za magadi hula radikali za haidroksili kabla hazijaifikia rangi, na kloridi ya chumvi nayo huzila, hasa maji yakiwa na asidi. Halafu pH iko juu, pengine 10. Uso wa dioksidi ya titani hugeuza chaji karibu na pH 6: chini ya hapo ni chanya, juu ya hapo ni hasi. Rangi hizi nazo zina chaji hasi, kwa hiyo kwenye maji ya magadi zinasukumwa mbali na kichocheo unachotaka ziguse.

Ukiongeza asidi mpaka pH ishuke chini ya 6, unatatua tatizo la kaboneti na la chaji kwa pamoja, ingawa kloridi inabaki: kaboneti inatoka kama hewa ya ukaa na uso wa kichocheo unaanza kuivuta rangi. Ukishusha pH kwa kupitisha moshi wa boila, kama baadhi ya viwanda vinavyofanya ili kuokoa asidi, bikaboneti inabaki ndani na tatizo lako halijaondoka. Kumbuka pia kuirudisha pH kabla ya kumwaga, na uweke gharama ya asidi kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Jambo linaloniuma zaidi ni watu kupima rangi peke yake. Rangi nyingi za nguo ni za kundi la azo, na weusi au wekundu wake unategemea kifungo cha naitrojeni mbili. Kifungo hicho kikikatika, maji yanaweza kuwa meupe huku vipande vya molekuli bado vimo, na baadhi ya vipande hivyo ni amini za aromatiki, ambazo kati yake zimo zinazojulikana kusababisha saratani. Maji ya namna hiyo yakiingia mtoni, mkulima wa mchicha atayaona masafi na kuyamwagilia. Kwa hiyo pima COD, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali, na ukiweza pima kaboni yote ya kikaboni. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 za viwango vya ubora wa maji zinataka COD isizidi miligramu 60 kwa lita kwa maji yanayomwagwa. Chati ya rangi haikufikishi hapo. Pima pia na taa imezimwa, mpaka utando uache kufyonza rangi, vinginevyo utahesabu rangi iliyonata kana kwamba imeungua. Na uwe na jaribio la taa bila kichocheo, kwani zipo rangi zinazopauka zenyewe kwa mwanga.

Kuhusu utando wenyewe nitasema machache. Radikali hazichagui, zinaweza kuula hata utando unaozibeba. Kwa tando za plastiki, polisalfoni huchakaa haraka, PVDF inavumilia zaidi, na seramiki ndiyo imara kuliko zote japo bei yake ni kubwa. Umbo nalo lina neno lake. Tando za mafurushi ya nyuzi zenye uwazi ndani zina eneo kubwa, lakini nyuzi za nje huzitilia kivuli za ndani, kwa hiyo mimi huchagua utando bapa. Jua letu ni kali, ndiyo, ila dioksidi ya titani yenye umbo la fuwele liitwalo anatasi hutumia mawimbi yaliyo chini ya takriban nanomita 387, na urujuanimno ni kama asilimia 4 au 5 tu ya nishati ya jua inayofika ardhini. Ukitumia taa, eleza matokeo kwa umeme unaohitajika kupunguza kichafuzi hadi sehemu moja ya kumi katika mita moja ya ujazo. Mwenye kiwanda ataelewa, maana bili ya umeme anaijua.

Ushauri wangu, basi, ni kuuweka utando huu mwishoni mwa mtambo. Acha mchanga na nyuzi zituame, acha bakteria wale wanachoweza, kisha utando ushughulikie mabaki machache wasiyoyaweza. Hapo maji hayazuii mwanga sana, uchafu ni kidogo, na mwanga unasaidia pia kuunguza utelezi wa bakteria na uchafu unaoziba utando, faida ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Chumvi haitaondoka: hiyo ni kazi ya osmosisi ya kinyume, yaani kusukuma maji kwa shinikizo kupitia utando unaozuia chumvi. Ndiyo njia ya wapaka rangi wa Tiruppur, India, pamoja na mitambo ya kuvukiza maji. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru karakana za huko zifungwe kwa kuuchafua mto Noyyal.

Ukienda kiwandani, omba uchote sampuli baada ya bwawa la bakteria, na uchote katika zamu tofauti. Kiwanda kinachopaka nyeusi usiku na njano asubuhi kina maji ya aina mbili. Muulize fundi wa rangi, si meneja pekee, ni magadi na chumvi kiasi gani vinaingia kila mara. Pima COD, pH, kloridi na kaboneti siku hiyohiyo. Ukishakuwa na namba hizo mkononi, niandikie tuongee kuhusu aina ya dioksidi ya titani.