Nilifunga Siku 40, Malalamiko Yalikuwa ya Siku 30

Gari liliingia ghalani saa kumi na mbili jioni, saruji mifuko 560. Karatasi ilisema 600. Bosi akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chai: "Saini, elfu hamsini yako ipo."

Nilikuwa stoo kipa kwenye ghala la vifaa vya ujenzi upande wa Unga Limited, hapa Arusha, mwaka wa sita huo. Sitaki kujifanya malaika. Karatasi za namna hiyo nilishazisaini mara mbili huko nyuma, na hela nikala. Lakini siku ile nilikuwa nimeshaamua kuachana na mambo hayo, nikasema siwezi. Hakukuwa na ugomvi. Gari likapakuliwa, mtu mwingine akasaini. Mwezi uliofuata stoo ikahesabiwa, ukakutwa upungufu, na mwenye upungufu nikawa mimi.

Barua ya kuachishwa kazi niliisoma nikiwa nimekaa juu ya rundo la nondo. Vijana wa kupakia mizigo, niliokuwa nikiwagawia vipande vya chapati yangu kila siku, wakaniimbia getini: "Mchungaji, mwambie Yesu wako akulipie kodi!" Hilo ningelivumilia. Lililonivunja ni mtaani Sombetini, habari ilipofika kabla yangu kwamba nimefukuzwa kwa wizi. Unakataa kuiba, halafu jina la mwizi unapewa wewe.

Naandika kwa ajili yako uliye mahali hapo sasa hivi. Kuna makosa niliyofanya ambayo wewe huna haja ya kuyarudia.

La kwanza ndilo hilo la kichwa cha habari. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu sitakwenda kushtaki popote, Bwana atanipigania, nyie mtanyamaza kimya. Nikaingia mfungo wa siku 40. Nilikuwa nakesha kanisani Jumanne na Ijumaa, koti mbili mwilini, maana ilikuwa Julai na baridi ya Arusha ya Julai mnaijua. Siku ya 41 nikasikia amani, nikanyoosha shati, nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi tunaiita CMA. Ofisa akasoma barua yangu, akaangalia tarehe, akaniuliza kama najua kwamba malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hufunguliwa ndani ya siku 30.

Sikujua.

Akanieleza kwa upole kwamba bado naweza kujaza fomu ya kuomba ucheleweshaji wangu usamehewe, ila lazima nitoe sababu. "Sababu ya kuchelewa ni nini?" Nikasema nilikuwa nimefunga. Alinitazama kitambo, kalamu iko hewani. Tukaijaza hivyo hivyo. Ombi likakataliwa, na kusema kweli sina wa kumlaumu. Kwa hiyo, ndugu yangu, funga, kesha, lia mbele za Mungu, lakini ndani ya siku hizo 30 uwe umefika CMA. Na cheti cha utumishi udai, ni haki yako kisheria hata kama umefukuzwa. Mimi nilikiacha kwa hasira, kikanigharimu mwaka mzima wa kuulizwa "ulikuwa wapi miaka sita yote hiyo?"

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu linafanana na imani. Nilinyamaza. Kila aliyenisalimia "Bwana asifiwe" nilimjibu "Amina, tunaendelea vizuri." Tulikuwa hatuendelei vizuri. Sabufa tuliuza mwezi wa pili, runinga mwezi wa tatu. Kwa Mangi wa dukani daftari letu lilifika ukurasa wa mwisho, akaanza kutuandika kwenye jalada. Watoto walikuwa wanakula uji asubuhi na uji jioni, na mimi nilikuwa nimewafundisha wasiseme. Niliita hiyo heshima. Nilisema sitaki jina la Bwana litukanwe, watu wakasema mbona Mungu wake amemwacha. Eti Mungu anahitaji mimi nimfunikie.

Halafu kuna bahasha. Wenzangu wa kanisa mnajua bahasha ya ahadi, ina jina lako na namba yako, na mwisho wa mwaka ikibaki tupu kila mtu anajua. Nilianza kuchelewa ibada ili nikae nyuma, kisha nikawa natoka kabla ya sadaka, kisha nikaacha. Sidhani wazee wetu wa kanisa wanajua ni watu wangapi bahasha hizo zimewafukuza. Lisemwe tu, tuendelee.

Aliyekivunja kimya hicho ni mke wangu. Alikwenda jumuiya alfajiri moja bila kuniambia, zamu ya maombi ilipomfikia akasema tu, "Baba watoto hana kazi mwezi wa nne huu, na ndani hakuna unga." Akakaa. Niliposikia nilimnunia siku tatu.

Jumapili iliyofuata akanilazimisha kwenda. Baada ya ibada kukawa na mnada nje kama kawaida, watu walikuwa wameleta mavuno: mayai, kuku mmoja mkorofi, mahindi, na mkungu mkubwa wa ndizi mshare. Mzee wa mnada akaanza na elfu kumi. Mama mmoja anayeuza vitunguu soko la Kilombero akapandisha na kupandisha mpaka elfu ishirini na mbili, na nyie mnajua mkungu ule sokoni angeupata kwa chini ya hapo. Akalipa. Kisha akanyoosha kidole. "Ule upelekwe kwa baba yule pale. Baba, usituchukie. Ulikuwa unatuonea, hukutuambia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu mia mbili wananiangalia. Nikaubeba begani mpaka Sombetini kwa miguu, utomvu ukinichuruzika kwenye shati langu jeupe la pekee. Utomvu wa ndizi haufuliki, doa lipo mpaka leo, la kahawia, ukubwa wa kiganja. Usiku ule tulikula mtori. Mtoto wangu wa mwisho alilala na kijiko mkononi.

Nimelifikiria sana lile neno, "ulikuwa unatuonea." Nilidhani nawaondolea watu mzigo, kumbe nilikuwa nawanyima kitu.

Baada ya hapo nikaanza kusoma Biblia nikiangalia jambo moja tu: watu wa Mungu walipokuwa na njaa, walikula nini na nani alileta. Jaribuni, inashangaza. Eliya amekimbia Yezebeli, amelala chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika anakuja, na hamhubirii hata neno moja. Anamgusa na kumwambia ainuke ale, na pale kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Anaamshwa, anakula mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadaye sana, huko Horebu, akiwa ameshashiba na kulala usingizi.

Au Paulo. Kila kifodi cha hapa mjini, hizi daladala zetu ndogo, kina ule mstari wa Wafilipi nyuma ya kioo: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Hakuna kifodi kilichoandika mstari unaofuata, ambapo Paulo, akiwa kwenye minyororo, anawaambia Wafilipi walifanya vema kushiriki dhiki yake. Walikuwa wamemtumia mahitaji kwa mkono wa Epafrodito. Mfungwa wa siku zile alitegemea sana ndugu na marafiki wamletee chakula. Mtume mkubwa vile aliyaweza mambo yote, na bado alipokea mzigo, akaandika barua ya shukrani. Mimi stoo kipa ni nani hata nione haya?

Mungu mwenyewe naye mwambie ukweli. Kwa miezi ile nilikuwa naomba kwa lugha ya wimbo wa sifa huku moyoni natukana. Zaburi ya 13 inaanza hivi: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo ni sala, imo kwenye Biblia, haikufutwa. Nilipoanza kuomba namna hiyo, kwa sauti, nikiwa nimeinamia mkokoteni niliokuwa nimeanza kuusukuma sokoni, ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba kuna mtu anasikiliza. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Haikuongeza shilingi mfukoni. Ila nililala.

Hapa niweke onyo, kwa sababu sisi watu wa wokovu tuna ugonjwa wetu. Si kila kinachokuuma ni mateso kwa ajili ya Kristo. Petro anawaambia Wakristo wasiteswe kama wauaji wala wezi, sawa, halafu kwenye orodha hiyo hiyo anamweka mtu anayejishughulisha na mambo ya wengine. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Maana pale ghalani nilikuwa na tabia ya kuandika mistari ya Biblia kwenye ubao wa stoo, mistari ya moto na kiberiti, na kila mtu alijua namwandikia nani. Vijana wale walioniimbia getini niliwahi kuwaita watoto wa jehanamu kwa sababu ya bia za Ijumaa. Kukataa kusaini, hilo lilikuwa la Bwana. Kuchukiwa na ghala zima, nusu yake nilijitafutia. Kuligawa hilo kulinipa nafuu kubwa, kwa sababu ile nusu yangu niliweza kuitubu. Wawili kati yao nilikwenda kuwaomba radhi. Mmoja akacheka tu, tukanywa chai.

La mbegu, yaani hela unayotoa ukiahidiwa baraka, sitalichelewesha. Kuna ibada niliyokwenda mtaa mwingine, nikaambiwa nipande elfu thelathini mlango wa ajira ufunguke. Nikapanda hela ya kodi. Aliyefungua mlango alikuwa mwenye nyumba, na alikuja kudai. Mtu akikupangia bei ya faraja, shika watoto wako mkono mwondoke.

Sisi Wameru wa hapa Arusha tuna historia ndefu na jambo hili la mateso, na si yote inatupendeza. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ovir na Segebrock, waliuawa pale Akeri pamoja na Wachaga waliokuja nao. Mikuki ilikuwa ya kwetu. Wajerumani wakalipiza kisasi cha kutisha. Mwaka 1902 wamisionari wakarudi, wakajenga misheni Nkoaranga, na wajukuu wa mikuki ile ndio leo tunaojaza makanisa ya Meru.

Kisha tukafikiwa na zamu yetu. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu karibu 3,000 kule Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi Wazungu. Nyumba zikachomwa. Bibi yangu alikuwa binti mdogo. Katika yote aliyotusimulia, moshi, malori, ng'ombe wanaolia, aliloishia kila mara ni chungu cha makande kilichobaki mekoni, maana kilikuwa kinakaribia kuiva. Bibi alikuwa mtu wa sala mpaka anakufa. Lakini alikuwa akitukumbusha pia kwamba Wameru walichanga. Watu waliotoka kuchomewa nyumba walichanga hela, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York, akasimama Umoja wa Mataifa akasema jina la Meru. Ardhi haikurudi mwaka ule. Nilipokuwa mdogo niliona hadithi hiyo haina mwisho mzuri. Nikiwa na barua ya kufukuzwa mfukoni niliielewa vingine: waliomba, wakachanga, wakasema kwa mdomo, na hakuna aliyedhani mojawapo linapunguza jingine.

Kuhusu mimi, sijatajirika. Nilisukuma mkokoteni Kilombero mwaka na miezi. Sasa nahesabu magunia kwa mfanyabiashara mmoja wa mahindi, ambaye aliniajiri kwa neno la yule mama wa vitunguu, bila cheti. Mke wangu anauza loshoro asubuhi, kile chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando. Daftari la Mangi limebaki kurasa mbili za deni. Kuna watu Sombetini mpaka leo nikipita wanashika simu zao vizuri.

Juzi usiku nikapigiwa simu na kijana wa lile ghala, mmoja wa walioniimbia. Naye ameletewa karatasi, naye amekataa, naye amepewa barua. Alikuwa analia, akitaka nimwombee. Nikamwambia aje, mke wangu akaongeza maji kwenye sufuria ya ugali. Alipofika nilimkalisha, nikamuuliza kwanza barua imeandikwa tarehe ngapi. Jumanne, akasema. Tukashusha kalenda ukutani, tukahesabu kwa kidole. Siku ya nne. Kisha tukamwekea maji ya kunawa.