Fundi wa kijijini hakuishi kwa samani peke yake
Umeuliza kama seremala wa kijijini katika Marekani ya zamani aliweza kuishi kwa kuuza samani tu. Kwa kawaida hakuweza, na ukoo wa Dominy wa East Hampton, katika kisiwa cha Long Island, jimboni New York, unalidhihirisha jambo hilo, kwa kuwa madaftari yao ya hesabu yamesalia na zana zao nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Winterthur, jimboni Delaware. Nathaniel Dominy wa Nne (1737–1812) alitengeneza saa ndefu za kusimama, na mwanawe, Nathaniel wa Tano, alitengeneza viti, meza na vitanda. Lakini walilima pia, wakakarabati vifaa vya majirani, na mwana ndiye aliyejenga kinu cha upepo cha Hook Mill mwaka 1806, ambacho kingali kimesimama. Fedha taslimu ilikuwa adimu, hivyo mteja angeweza kulipa kwa mazao, mbao au siku za kibarua, na deni likabaki daftarini kwa muda mrefu.

Kinachonivutia zaidi ni kerezo lao, yaani mashine ya kuzungusha mti wakati unachongwa: msaidizi, kwa nguvu za mikono, alizungusha gurudumu kubwa la mbao ambalo, kwa kamba, lilizungusha kipande cha mti, huku fundi akiwa ameshika patasi kwa mikono miwili, akiuchonga mguu wa kiti taratibu hadi ukapata umbo. Kazi hiyo ilihitaji watu wawili wanaoelewana vizuri, na mara nyingi msaidizi alikuwa mwanafunzi wa ufundi au mtoto wa nyumbani.